Hesabu ya Umati

Mtu mmoja akiua, jina lake hutafutwa mpaka lipatikane. Watu mia wakiua, jina hupotea, hata kama mauaji yalifanyika mchana kweupe na mashahidi walikuwa wengi kuliko wauaji. Katika magazeti na taarifa za Tanzania yako maneno manne yaliyogeuka kaburi la majina: wananchi wenye hasira kali. Huyu alidhaniwa mwizi, akapigwa mpaka akafa. Waliompiga walikuwa wananchi wenye hasira kali. Yule, kikongwe mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni, alidhaniwa mchawi, akauawa na nyumba yake ikatiwa moto. Waliotenda hayo, kadhalika, walikuwa wananchi wenye hasira kali. Hasira inatajwa, mikono haitajwi. Yaonekana kana kwamba hasira ilishuka kutoka mawinguni, ikatenda tendo lake, ikarudi ilikotoka, na wanadamu walikuwa njia tu ya kupitia.

Tangu kale watu wenye kufikiri wamejiuliza kama umati una roho yake yenyewe. Mwaka 1895 Mfaransa Gustave Le Bon alitoa kitabu juu ya nafsi ya umati. Alidai kwamba mtu aingiapo katika umati huiacha akili yake nje, akapokea roho moja na wenzake, na roho hiyo ni duni kuliko roho ya kila mmoja wao peke yake. Fikira hii ilipendeza watawala wengi, maana iliwaruhusu kumwona kila mtu aliyelalamika pamoja na wenzake kuwa ni nusu mnyama. Baadaye wamekuja watu wa hesabu. Hawa hawasemi kwamba umati una roho, wala hawasemi kwamba hauna; wao husema kwamba umati una hesabu. Swali la insha hii linazaliwa hapo: ikiwa ghasia huenea kwa hesabu, kama maradhi yaeneavyo na kama moto uenezwavyo na upepo, je, hatia hubaki juu ya nani?

Uwanda wa Ufipa, ulio juu kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki, unafaa kuwa mizani ya kupimia swali hili. Mji wake mkubwa ni Sumbawanga, na wengi husema kwamba maana ya jina lenyewe ni kutupa uchawi. Kwa upande mmoja, uwanda huu umesifiwa kwa amani. Msafiri Joseph Thomson, Mskoti aliyepita huko mwaka 1880, aliwaona Wafipa kuwa wakulima watulivu. Na mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeishi kati yao katika miaka ya 1960, aliandika mwaka 1989 juu ya amani hiyo kama fumbo linalotaka kufumbuliwa, kwa sababu mwanzoni mwa karne ya 19 nchi hiyo hiyo ilikuwa imejua vita. Kwa upande wa pili, uwanda huu umepitiwa na mawimbi ya watu wenye kutafuta wachawi, yaliyokwenda kijiji hata kijiji kwa kasi ya kustaajabisha. Nchi moja imekuwa mfano wa utulivu, na nchi hiyo hiyo imekuwa mfano wa mwambukizo. Mwenye kutaka kujua tabia ya umati hana haja ya kwenda mbali.

Kwanza ielezwe hesabu yenyewe. Mwaka 1978 Mmarekani Mark Granovetter alitoa makala iliyo nyepesi kusomwa na nzito kusahaulika. Alisema kwamba kila mtu ana kizingiti. Kizingiti ni idadi ya watu ambao mtu huyo sharti awaone wakifanya ghasia kwanza, ndipo naye aingie. Mwenye kizingiti cha sifuri haoni haja ya mwenzi. Huokota jiwe akiwa peke yake. Mwenye kizingiti cha moja hungoja mmoja. Mwenye kizingiti cha hamsini hungoja hamsini. Yupo na mwenye kizingiti kikubwa hata hatokei umati wa kumvusha. Huyo dunia humwita mcha Mungu, au mwoga, au mkaidi, kwa kadiri ya haja yake ya siku hiyo.

Na ichukuliwe kwamba sokoni Sumbawanga wamesimama watu 100, na kijana mmoja ameshikwa akisemwa kwamba ameiba simu. Vizingiti vya watu hao vimepangika kama ngazi: wa kwanza ana sifuri, wa pili ana moja, wa tatu ana mbili, na hivyo mpaka wa mwisho mwenye 99. Mwenye sifuri anatupa jiwe. Mwenye moja amekwisha kuona mmoja, naye anatupa. Mwenye mbili amekwisha kuona wawili. Ngazi inapandwa mpaka juu, na watu wote 100 wamekuwa wauaji kabla jua halijasogea. Sasa abadilishwe mtu mmoja tu. Yule mwenye kizingiti cha moja awe na kizingiti cha mbili. Wengine wote 99 wabaki kama walivyo, kwa nyoyo zile zile na hasira zile zile. Mwenye sifuri anatupa jiwe lake. Anatazama nyuma. Hakuna aliyekuwa akingoja mmoja. Wako wawili wanaongoja wawili, na wawili hawakupatikana. Jiwe moja limetupwa, mtu mmoja amefanya uovu, na kijana anapelekwa polisi akiwa na jeraha la bega.

Jumla ya vizingiti katika soko la kwanza ni 4,950. Katika soko la pili ni 4,951. Tofauti ya nyoyo ni moja katika maelfu. Tofauti ya matendo ni mtu mmoja kwa watu mia, na uhai kwa mauti. Gazeti litaandika juu ya soko la kwanza kwamba wakazi wake ni wakatili. Juu ya soko la pili halitaandika neno. Wala mambo hayaishii hapo. Na itazamwe miji miwili mingine. Katika mji mmoja watu kumi wana kizingiti cha sifuri, na tisini waliobaki wana kizingiti cha kumi na moja. Mji huu una nyoyo za moto, kwa kuwa wastani wa vizingiti vyake haufiki kumi. Walakini ghasia yake itakoma kwa watu kumi, kwani tisini wanahitaji mtu wa kumi na moja, naye hayupo. Mji wa ngazi, ambao wastani wake unakaribia hamsini, utawaka wote. Mji wenye watu wapole zaidi umefanya uovu mkubwa zaidi.

Fundisho la kwanza la hesabu hii ni la unyenyekevu. Nyoyo za watu hazisomwi katika majivu ya nyumba zilizoungua. Kabila, mji au taifa lililopatwa na ghasia halikuthibitishwa kuwa ovu kuliko jirani yake, na lililokaa salama halikuthibitishwa kuwa jema. Yamkini salama yake ilishikwa na mtu mmoja ambaye hakuna amjuaye. Sifa ya amani, iwe ya Ufipa au ya Tanzania nzima, ni neema ya kushukuriwa, ila si cheti cha kutundikwa ukutani.

Hesabu ya pili ilitoka hospitali. Mwaka 1927 Waskoti wawili, Kermack na McKendrick, waliandika kanuni za kuenea kwa maradhi. Watu waligawanywa katika mafungu: wanaoweza kuambukizwa, walioambukizwa, na waliokwisha kutoka katika ugonjwa kwa kupona au kwa kufa. Siri yote imo katika swali moja: mgonjwa mmoja huambukiza wangapi kabla hajapona? Ikiwa kila mmoja huambukiza wawili, basi mmoja huzaa wawili, wawili wanne, na katika hatua ya kumi wapya ni 1,024. Ikiwa kila wagonjwa kumi huambukiza tisa, maradhi hufifia yenyewe. Kati ya tauni na kikohozi cha msimu pana mstari mwembamba, nao ni moja.

Mwaka ule ule wa 1978 wataalamu wa Marekani, Burbeck na wenzake, walizitumia kanuni za maradhi kuzipima ghasia za Los Angeles za mwaka 1965, za Detroit za mwaka 1967, na za Washington za mwaka 1968, wakaona kwamba matukio yalipanda na kushuka kwa umbo la tauni. Mwishoni mwa Oktoba 2005, baada ya vijana wawili kufa ndani ya kituo cha umeme huko Clichy-sous-Bois, karibu na Paris, ghasia zilienea Ufaransa kwa muda wa wiki tatu hivi. Wataalamu walioyachunguza mambo hayo, miongoni mwao Bonnasse-Gahot na Berestycki, walionyesha mwaka 2018 kwamba zilikwenda kama wimbi, mtaa ukiambukiza mtaa wa jirani. Na ghasia za London za Agosti 2011 zilitengenezewa kielelezo cha hesabu na Toby Davies na wenzake mwaka 2013: walipima umbali wa mahali, ufukara wa mitaa, mvuto wa kundi kubwa, na idadi ya askari waliotosha au hawakutosha.

Ufipa uliyajua mawimbi kabla ya kanuni hizi kuandikwa juu ya miji ya wengine. Katika miaka ya 1930 watu walioitwa Mchapi walitoka Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi, wakavuka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na nyayo zao zikafika katika nchi jirani. Vijana waliovaa nguo za kizungu waliingia kijijini, wakawapanga watu kwa mistari, wakawatazama katika kioo. Aliyeonekana na kioo kuwa mchawi alitakiwa kutoa pembe zake na hirizi zake. Kisha alinyweshwa dawa, ikasemwa kwamba akirudia uchawi dawa hiyo itamwua. Mwaka 1963 na 1964 wimbi la namna hiyo, lililoitwa Kamchape, lilipita katika Ufipa. Willis, aliyekuwapo, aliandika habari zake mwaka 1968. Vijana walikuwa mbele, na wengi wa walionyoshewa kidole walikuwa wazee. Serikali iliyakataza mambo hayo, kwani sheria ya uchawi iliyotungwa mwaka 1928 haikumpa mtu ruhusa ya kumtaja mwenzake kuwa mchawi. Hata hivyo wimbi lilikwenda.

Mwenye hesabu angeliona wimbi hilo kwa wepesi. Kijiji kisichotakaswa kilipoona kwamba jirani zake wametakaswa, kiliingiwa na hofu mbili: hofu ya wachawi waliofukuzwa kule kuhamia hapa, na hofu ya kudhaniwa kwamba kinaficha wachawi. Kizingiti cha kijiji kilivukwa na idadi ya vijiji vya jirani, kama kizingiti cha mtu kivukwavyo na idadi ya watu. Lakini katika jambo moja mwenye hesabu sharti anyamaze na kusikiliza. Wimbi lile lilienea kwa nguvu ile ile ambayo kwayo mauaji huenea, na makusudi yake hayakuwa mauaji. Mtuhumiwa alifedheheshwa, naye alionewa, hapana shaka. Lakini mwisho wa taratibu ulikuwa kumrudisha katika kijiji akiwa ametakasika, si kumtoa katika dunia. Kasi ya wimbi haikueleza lililobebwa na wimbi. Kanuni ya kuenea husema jinsi jambo lisafirivyo. Haisemi ni jambo gani, wala kama ni haki au dhuluma. Sala huenea kwa hesabu hiyo, na kisomo cha watu wazima, na wizi wa mazao ya jirani.

Hapa yaja madai ya kwanza ya mshitakiwa. Mtu aliyetupa jiwe la sabini na tatu asimama mbele ya hakimu, au mbele ya dhamiri yake usiku, akasema: "Wataalamu wamethibitisha kwamba mimi nilikuwa kama jani kavu. Kizingiti changu kilikuwa sabini na mbili. Waliponitangulia sabini na wawili, sikuwa na njia ila kuingia. Shitakini hesabu."

Madai haya yana werevu lakini hayana ukweli. Hesabu ilikipokea kizingiti chake kama ilivyokikuta; haikukitengeneza. Haikusema kwamba mtu huyo hawezi kuwa na sabini na tatu, au mia, au kizingiti kisichovukwa na idadi yoyote. Sabini na mbili ni jina lingine la tabia yake. Ni jumla ya matusi aliyoyazoea, ya habari alizozisambaza bila kuzipima, ya mara alizosimama pembeni akicheka mwingine alipopigwa, na ya mara alizoambiwa na wazee kwamba mwizi si mtu. Aliyekwenda sokoni na sabini na mbili aliibeba kutoka nyumbani kwake. Hesabu imeeleza namna tabia yake ilivyokutana na tabia za wenzake. Kumweleza mtu si kumsamehe. Sheria yenyewe haikudanganyika. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika kifungu cha 22 na cha 23, humhesabu kuwa mkosaji yule asaidiaye na yule mwenye nia ya pamoja na wenzake, hata kama jiwe lake halikuwa la mwisho. Na Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 13, hukataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitishwa. Kijana yule wa sokoni hakuwa mwizi bado, kwa mujibu wa nchi yake. Alikuwa mtu aliyesemwa.

Madai ya pili ni magumu zaidi, nayo yanastahili heshima. Mtu wa themanini asema: "Sikatai kwamba tabia ni yangu. Lakini nitazameni kwa hesabu yenu. Nilipofika, kijana alikuwa amekwisha kupigwa na sabini na tisa. Kama nisingelitupa, angelikufa vile vile. Jiwe langu halikuongeza mauti hata punje. Kosa lisilo na matokeo ni kosa gani?" Methali ya zamani husema kwamba kifo cha wengi arusi. Mtu wa themanini anaigeuza: uovu wa wengi hauna mwenyewe.

Jibu la kwanza ni kwamba mtu huyu hajui asemalo analijua. Mahali pake katika ngazi hapajui. Kizingiti hakikuandikwa juu ya paji la uso la mtu, na katika zogo hakuna ahesabuye. Yamkini alikuwa wa themanini, yamkini alikuwa wa pili. Katika soko la ngazi, yeyote kati ya wale wa kati angelisimama kidogo zaidi, wote waliokuwa juu yake wangelibaki watazamaji. Asiyejua kama yeye ndiye pingili inayoshika mnyororo hana haki ya kujiachia kwa madai kwamba mnyororo umekwisha kukatika.

Jibu la pili ni kwamba jiwe lake lilikuwa na kazi mbili. Kazi moja ilikuwa juu ya mwili wa kijana. Hiyo, na ikubaliwe, labda haikuongeza kitu. Kazi ya pili ilikuwa juu ya macho ya mtu wa themanini na moja. Kila aingiaye katika ghasia humpa mwenzake ruhusa. Mkono wake ni tendo, na mkono wake ni neno pia. Husema kwa sauti kuliko mhubiri: jambo hili linafanyika, watu kama wewe hulifanya. Mauti ya kijana mmoja hayagawanyiki, lakini ruhusa huzaana. Huenda sokoni pale haikubaki kazi ya kuua. Ilibaki kazi ya kuwafundisha watoto waliokuwa wakichungulia, nao siku nyingine watakwenda sokoni na vizingiti walivyovipata siku ile.

Jibu la tatu halihitaji hesabu, nalo huenda ndilo la kwanza kwa uzito. Mtu huulizwa dunia imekuwaje kwa sababu yake, lakini huulizwa pia mikono yake ilifanya nini. Kama haki ingelikuwa matokeo matupu, basi mtu angeliweza kukojoa katika kisima kilichokwisha kuchafuliwa na kudai kwamba hakukosa adabu. Aliyekufa pale chini alikuwa na uso. Mtu wa themanini aliuona, akautupia jiwe. Hata kama mauti hayakumjua, yeye aliyajua mauti, akayaunga mkono.

Kwa hiyo hesabu haiondoi hatia. Lakini hutenda jambo jingine ambalo watu wa sheria na wa dini hawakulipata kwa wepesi: huonyesha wema usioonekana. Yule mtu mwenye kizingiti cha mbili badala ya moja hakufanya lolote. Hakuhubiri, hakumkinga kijana kwa mwili wake, hakuita polisi. Alisita kitambo. Alikwenda nyumbani akala ugali wake na maharagwe, na hakujua kwamba amewaokoa watu mia: mmoja katika mauti, na tisini na tisa katika kuua. Hakuna atakayemshukuru, maana lililozuiwa halina habari. Lakini ikiwa hatia ya wengi ni ya kila mmoja, basi na salama ya wengi ina wenyewe, japokuwa hawajulikani. Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba cha amani hujazwa na watu waliosita.

Sasa iangaliwe hatari ya hesabu yenyewe, maana elimu isiyochungwa humla mwenyewe. Hatari ya kwanza ni kusahau kuuliza kwa nini nyasi zimekauka. Kielelezo husema moto utapita wapi na kwa kasi gani. Hakisemi nani alichelewesha mvua. Los Angeles mwaka 1965 walikufa watu 34, na Detroit mwaka 1967 watu 43. Nyuma ya tarakimu hizo palikuwa na ubaguzi, nyumba mbovu, ukosefu wa kazi na mikono mizito ya polisi. Mtawala atakayesoma sura ya kasi bila kusoma sura ya sababu atanunua maji ya kuwasha na magari ya chuma, akidhani ametibu. Sokoni Sumbawanga pia ipo sababu. Mtu aliyeibiwa mara tatu, akapeleka mashtaka mara tatu, na mara tatu akamwona mshtakiwa akirudi mtaani kabla yeye hajarudi, huteremka ngazi za kizingiti chake mwenyewe hatua kwa hatua. Hilo halimpi haki ya kuua. Lakini lawapa wenye ofisi sehemu ya deni.

Hatari ya pili ni kuita maradhi kitu ambacho kilipangwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchini Kenya, Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa. Tume hiyo iliona kwamba mahali pengine ghasia ziliripuka zenyewe, na mahali pengine zilipangwa na kugharimiwa. Mwambukizo hauna mwajiri. Ghasia nyingi zinaye. Mwenye fedha aliyeweka watu kumi wa sifuri sokoni alijua kazi yake vema kuliko mtaalamu, na hakuna jambo litakalomfurahisha kuliko kusikia kwamba yaliyotokea yalikuwa tauni.

Hatari ya tatu ni kubwa kuliko zote, na uwanda wa Ufipa umekwisha kuionja. Hesabu ikifika katika mikono yenye haraka, itataka kujua nani mwenye kizingiti cha sifuri kabla hajatupa jiwe. Itatafuta mtaa wake, umri wake, rafiki zake, maneno aliyoyaandika katika simu. Kisha itamnyoshea kidole, naye hajatenda neno. Nani asiyekumbuka kioo cha Mchapi? Kijana mwenye nguo za kizungu alisimama mbele ya mstari wa watu, akatazama katika chombo ambacho wao hawakukielewa, akasema: huyu. Chombo kipya kina tarakimu mahali pa mng'ao, na kina ukweli ambao kioo hakikuwa nao. Lakini ukweli wake ni wa umati, si wa mtu. Kanuni iwezayo kusema kwamba katika mia kumi wataingia haiwezi kusema kwamba ni huyu. Kuhama kutoka kwa wingi kwenda kwa mmoja, bila ushahidi wa tendo, ni uganga hata kama umefanywa na mwenye shahada. Inachekesha na kuhuzunisha kwamba elimu iliyozaliwa ili kuueleza umati uliomwua mtu kwa kumdhania, yenyewe yaweza kuwa mwalimu wa kudhania.

Basi elimu hii itumikeje kwa haki? Itumike kwa kila mtu kujihesabu mwenyewe. Swali lake lisiwe "nani kati yenu ni sifuri?" bali "mimi ni wangapi?" Mtu na ajiulize angali nyumbani, akiwa ameshiba na ametulia, ni watu wangapi wakimpiga mwingine watamfanya aingie, na akiona idadi hiyo ni ndogo, ajue kwamba amekwisha kuwa na sehemu katika mauti ambayo hayajatokea. Wenye kulea na wafundishe hivyo. Mwenyekiti wa kijiji, katekista, imamu, mwalimu na dereva wa bodaboda aaminiwaye kijiweni, kila mmoja anayo nafasi ya kuongeza moja. Mwandishi wa habari anayo nafasi kubwa, ikiwa atayaacha maneno yale manne na kuuliza majina. Polisi na mahakama wanayo nafasi kubwa kuliko wote, kwani haki inayofika kwa wakati hupandisha vizingiti vya mji mzima pasipo hotuba.

Wakulima wa Ufipa wanayo desturi ya kale iwezayo kuwa somo. Majirani zao wa kusini, Wababemba, walizoea kukata matawi na kuyachoma ili majivu yarutubishe shamba. Juu ya uwanda wa Ufipa, ambako miti ni michache na nyasi ni nyingi, mkulima huzikwatua nyasi kwa jembe wakati wa mvua, akazifukia katika matuta ya mviringo yaitwayo intumba. Humo huoza, udongo ukanona, na msimu unaofuata matuta hutawanywa ukapandwa ulezi. Nyasi zile zile zingaliachwa mpaka kiangazi zingelikuwa chakula cha moto, na cheche moja ingelizipeleka kutoka kilima hata kilima. Mkulima hakuzilaumu nyasi, wala hakungoja moto ili apime kasi yake. Aliinama mapema, nyasi zikiwa bado mbichi, akafanya kazi yake tuta kwa tuta.

Hasira za watu ziko hivyo. Hazitakwisha, na nyingine ni za haki. Lakini upo wakati wa kuzishughulikia zikiwa mbichi: kwa kusikilizwa, kwa shauri lililoamuliwa upesi, kwa neno la ukweli juu ya mwizi na juu ya mchawi, na kwa kukumbushana kwamba aliyeshikwa ana mama. Wakati huo ukipita, hesabu hushika usukani, na hesabu haina huruma wala chuki. Kizingiti hujengwa siku za amani. Siku ya zogo huvukwa tu.